Mtoto wako anaanza besiboli Marekani: maswali wanayoniuliza wazazi wenzangu

Binti yangu alianza kucheza besiboli akiwa na miaka sita, hapa Columbus, Ohio, katika ligi ya mtaani kwetu inayofuata kanuni za Little League, shirika kubwa la besiboli ya watoto. Tangu nianze kuweka picha zake kwenye statasi ya WhatsApp, wazazi wenzangu wa Kitanzania, Kikenya na Kikongo hawaachi kuniuliza. Maswali mengi ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya pamoja. Mimi si kocha. Ninajibu kama mzazi aliyekaa kwenye viti vile msimu mzima na kusoma kila karatasi aliyopewa asaini.

Sisi wenyewe hatuujui huu mchezo. Unachezwaje?

Timu mbili hupokezana. Moja inapiga, nyingine imetawanyika uwanjani na glavu mkononi. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaugonga kwa gongo na kukimbia kupitia vituo viitwavyo besi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anarudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani. Kila anayefika nyumbani ameipatia timu yake pointi moja.

Walioko uwanjani wanataka kumtoa. Wanaweza kuudaka mpira aliopiga kabla haujagusa chini, au kuufikisha besi ya kwanza kabla yeye hajafika, au kumgusa nao akiwa amenaswa katikati ya besi mbili. Na mpigaji akikusanya straiki tatu, yaani mara tatu amekosa mpira au ameacha mzuri upite, ametoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana. Kila timu ikishapata zamu moja ya kupiga, awamu moja imekwisha. Wakubwa wanacheza awamu tisa, watoto wa Little League sita.

Kama ulisoma shule ya msingi Kenya na ukacheza raundasi, nusu ya mchezo huu unaujua tayari. Kinachobaki utakijifunza ukiwa umekaa, maana mzazi wa pembeni yako atakueleza bila kuombwa. Wamarekani wanapenda sana kuueleza mchezo huu, na hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kuzungumza na jirani ambaye mmekuwa mkipungiana mikono tu kwenye maegesho.

Tiboli ndiyo nini?

Ni besiboli ya wadogo kabisa, wa miaka minne hadi saba. Hakuna mrushaji. Mpira unawekwa juu ya kigingi cha mpira laini kinachofika kama kiunoni mwa mtoto, naye anaugonga ukiwa umetulia. Ligi nyingi hazihesabu pointi katika ngazi hii, na kila mtoto anapiga kabla timu hazijabadilishana. Besi huwa karibu, futi 50 au 60, yaani kati ya mita 15 na 18.

Usishangae mtoto akigonga mpira kisha akakimbilia besi ya tatu badala ya kwanza, au watoto sita wakiurukia mpira mmoja na kugombana nani autupe. Na wale walio mbali kabisa, ambako mpira wa mtoto wa miaka mitano haufiki, watakaa chini wachume maua ya njano yaliyoota kwenye majani. Hayo yanatokea kila uwanja, kila Jumamosi, na makocha wazuri hawayakemei.

Baada ya tiboli kinafuata nini?

Kocha mwenyewe anakuwa mrushaji, akiwatupia polepole watoto wa timu yake. Kwenye miaka minane au tisa hivi, watoto wanaanza kurushiana wao kwa wao, na hapo mchezo unabadilika sana, kwa sababu mrushaji wa miaka tisa hajui mpira wake unakwenda wapi. Kuna mtoto aliyeipenda tiboli ambaye anaogopa ghafla anapofika hapo. Mwambie kocha mapema. Hofu ya mpira inatibika kwa mipira laini na uvumilivu.

Ngazi inayotangazwa kwenye televisheni kila Agosti, ile ya mashindano makubwa ya Williamsport, Pennsylvania, ni ya watoto wa hadi miaka 12. Ni katika mji huo Carl Stotz alipoanzisha Little League mwaka 1939, akiwa na timu tatu tu.

Kujiandikisha ni lini, na wanataka karatasi gani?

Kwa msimu wa majira ya kuchipua, uandikishaji hufunguliwa wakati bado kuna theluji, Januari au Februari, na wengi wetu tunachelewa kwa sababu hiyo. Mazoezi huanza Machi au Aprili, mechi zinakwenda hadi Juni. Ligi nyingi zina msimu mwingine mfupi wa Septemba, mtulivu zaidi, na ninaupendekeza kwa mtoto mwenye haya.

Watataka uthibitisho wa umri na uthibitisho kwamba mnaishi, au mtoto anasoma, ndani ya mipaka ya ligi ile. Kila mtaa una ligi yake, huchagui unayoipenda. Angalia pia jambo moja linalowachanganya watu: kuna umri wa mtoto na kuna umri wa ligi. Ligi ina tarehe yake ya kuhesabia, kwa hiyo mtoto wako wa miaka saba anaweza kuandikwa kuwa wa nane. Hakuna aliyekosea.

Na ada?

Kila ligi ina yake, na tiboli ndiyo huwa nafuu. Mara nyingi jezi na kofia ziko ndani ya ada hiyo. Kama hali ni ngumu, usikae kimya. Kanuni za Little League zinasema ulipaji wa ada usiwe sharti la mtoto kucheza, na ligi nyingi zina mfuko mdogo kwa ajili hiyo. Andika barua pepe fupi kwa viongozi wa ligi, sema hali yako, uliza utaratibu. Wanaoendesha ligi hizi ni wazazi wanaojitolea, na maombi kama hayo si mageni kwao. Ninalisisitiza hili kwa sababu najua familia zilizoamua kimya kimya kwamba mchezo huu ni wa matajiri, na watoto wao wakabaki kutazama kupitia waya.

Ninunue nini? Duka la michezo linatisha.

Glavu, kwanza. Inchi 9 hadi 10.5 inamtosha mtoto wa miaka mitano hadi saba. Huvaliwa kwenye mkono usiotupa: anayetupa kwa kulia anavaa kushoto. Wazazi wengi wageni hununua kinyume, na duka halitakuuliza. Glavu mpya ya ngozi huwa ngumu kiasi kwamba mtoto hawezi kuifunga, kwa hiyo mnunulie laini au iliyokwisha kutumika. Maduka ya vifaa vya mitumba, kama Play It Again Sports, yana glavu nzuri kwa bei ndogo.

Gongo si lazima msimu wa kwanza, timu huwa nayo. Ukinunua, tafuta lenye muhuri wa USA Baseball, maana tangu Januari 1, 2018 ndilo linaloruhusiwa Little League kwa magongo yasiyo ya mbao, na lile la bei rahisi lisilo na muhuri litakataliwa uwanjani. Inchi 24 hadi 26 ni urefu wa kawaida kwa wadogo hawa. Usimnunulie kubwa ili alikulie. Sweta unaweza kufanya hivyo, gongo hapana, kwa kuwa zito litamharibia namna ya kupiga.

Viatu vya njumu za plastiki au mpira, za soka zinafaa. Njumu za chuma haziruhusiwi kwa umri huu. Suruali nyeupe usinunue hata kama kila mtu anayo. Chukua ya kijivu.

Helmeti na nywele zetu?

Helmeti ni lazima kwa kila anayepiga na kila anayekimbia besi. Twende kilioni inakaa vizuri kabisa chini yake. Rasta nene zilizofungwa juu kichwani, mafundo makubwa, au shanga nyingi zinaiinua helmeti, na helmeti iliyoinuka haimlindi mtoto. Mimi humsuka binti yangu wiki moja kabla ya msimu, mistari myembamba ya kurudi nyuma, ncha zimefungwa chini ya kisogo. Mnunulie helmeti yake mwenyewe ukiweza, maana ile ya timu imepita vichwa vingi na mara nyingi vipimo vyake havikuwaza nywele za mtoto wetu.

Kwa wanaovaa mtandio: ule wa michezo, mwepesi na wa kubana, unaingia chini ya helmeti bila shida. Mjulishe kocha siku ya kwanza ili mtu yeyote asimsimamishe mtoto katikati ya mchezo kumuuliza.

Ni wa wavulana, si ndiyo? Wasichana wana mchezo wao.

Hapana. Softiboli, ndugu ya besiboli yenye mpira mkubwa zaidi, ipo, na ni mchezo mzuri, lakini msichana ana haki ya kucheza besiboli, na haki hiyo ilipiganiwa. Mwaka 1972 Maria Pepe, msichana wa Hoboken, New Jersey, aliondolewa kwenye timu yake baada ya mechi tatu kwa sababu tu ni msichana. Kesi ikafunguliwa, na mwaka 1974 Little League ikafungua mlango kwa wasichana wote.

Miaka 40 baadaye, Agosti 2014, msichana mweusi wa miaka 13 (12 kwa umri wa ligi) kutoka Philadelphia, Mo'ne Davis, alisimama kwenye kilima cha mrushaji kule Williamsport na timu pinzani kutoka Nashville haikupata hata pointi moja. Hakuna msichana aliyewahi kufanya hivyo kwenye mashindano yale. Video ipo, mtazame na binti yako. Wa kwangu aliitazama huku amevaa glavu, kisha akaomba tuirudie.

Mpira ule ni mgumu. Hataumia?

Wa wakubwa ni mgumu kweli: una uzito wa karibu gramu 145. Ndiyo maana tiboli hutumia mipira laini inayofanana nao kwa sura tu. Hatari kubwa zaidi kwa wadogo ni gongo. Mtoto mwenye gongo anataka kulizungusha, haangalii nani yuko nyuma. Little League hairuhusu mtoto anayengoja zamu kujizoeza na gongo pembeni ya uwanja, anayepiga peke yake ndiye analishika. Ukiona watoto wamesimama na magongo karibu na benchi, mwambie kocha mara moja, hata kama ni mara yako ya kwanza kuja.

Hapa Ohio utasaini fomu mbili za afya kabla mtoto hajaingia uwanjani, moja kuhusu mtikisiko wa ubongo na nyingine kuhusu moyo kusimama ghafla. Zisome. Mtoto akigongwa kichwani akaonekana amezubaa, anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu wa afya aandike kwamba yuko salama. Usimbembeleze kocha amrudishe.

Radi ikisikika, wote wanaondoka uwanjani na kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Nendeni kwenye gari, msikae chini ya mti.

Mtoto akikua na kuanza kurusha, linda bega na kiwiko chake. Tangu 2007 Little League inahesabu mirusho: wa miaka saba na nane hazidishi 50 kwa siku, tisa na kumi 75, 11 na 12 ni 85. Akifikisha 66 au zaidi, anapumzika siku nne. Hesabu mwenyewe. Mtoto anayecheza timu mbili kwa wakati mmoja ndiye anayeponyoka kwenye hesabu, kwa kuwa kila kocha anaona mirusho yake tu.

Mwanangu anakosa mpira kila mara, na akitoka analia. Nimwondoe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi.

Katika soka mtoto akikosea, wachezaji wengine wanamfunika na mchezo unaendelea. Katika besiboli hakuna wa kumfunika. Anatembea peke yake hadi nyumbani, anasimama na gongo, na uwanja mzima unanyamaza kumtazama. Akikosa, kila mtu ameona ni nani aliyekosa. Kisha anarudi kwenye benchi akiwa na uso ule ule. Kwa mtoto wa miaka sita hilo ni jambo zito, na machozi yake yana sababu. Usimwambie aache kulia kwa kuwa ni mchezo tu. Kwake si mchezo tu.

Mwonyeshe hesabu, watoto wanaipenda. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alimaliza msimu na wastani wa .406, yaani katika kila majaribio kumi alifanikiwa kama manne. Tangu hapo hakuna aliyefikisha .400 katika ligi za American na National, zile mbili zinazounda ligi kuu. Rekodi za ligi za Wamarekani weusi zilipounganishwa na za ligi kuu mwaka 2024, Josh Gibson aliwekwa juu ya wote kwa .466 aliyoipata mwaka 1943, na hata yeye alikosa zaidi ya nusu. Leo mchezaji anayefanikiwa mara tatu kati ya kumi analipwa mamilioni ya dola.

Binti yangu alishikilia jambo hilo kwa namna yake. Alipotoka auti Jumamosi moja alikuja kwenye waya akaniambia, bado akifuta machozi, "Mama, zimebaki saba." Sikumsahihisha.

Kuhusu kumwondoa: mngoje hadi msimu uishe, isipokuwa kama kuna mtu anamtendea vibaya. Mtoto anayelia uwanjani na bado Jumamosi inayofuata anatafuta glavu yake tangu asubuhi hajauchoka mchezo. Anayeumwa tumbo kila siku ya mechi na kupona kila mechi ikiahirishwa anakwambia jambo tofauti, naye asikilizwe.

Nikae wapi, na nipige kelele za nini?

Kaa kwenye viti vya wazazi, si nyuma ya nyumbani karibu na mtoto anayepiga, na usijibanze kwenye waya wa benchi. Benchi ni la watoto na makocha. Maji na kofia mpe kabla.

Shangilia, na washangilie watoto wa timu zote mbili. Utasikia wenzako wakimsifu mtoto kwa jicho zuri pale anapoacha mpira mbaya upite bila kuupiga. Hiyo ni sifa kubwa hapa, nawe itumie. Usichofanya ni kufundisha kwa sauti. "Inua kiwiko! Angalia mpira! Kimbia!" Mtoto anayesikia kocha kwa Kiingereza mbele na mama kwa Kiswahili nyuma anasimama tu, hajui amtii nani, na kwa malezi yetu atamtii mama, halafu atakosa. Kocha ana haki ya kuwa sauti pekee kwa saa hiyo moja. Mimi naona kwamba jambo hili, kunyamaza na kumwachia mtoto mchezo uwe wake, ni gumu kwa mzazi kuliko lolote analofanya mtoto uwanjani.

Mwamuzi usimguse hata kwa neno. Kwa wadogo mara nyingi ni kijana wa sekondari anayejifunza kazi.

Na ndani ya gari, baada ya mechi, acha uchambuzi. Mwambie ulifurahi kumwona akicheza, muulize anataka kula nini. Akitaka kuongelea lile straiki la tatu, ataliongelea mwenyewe, pengine siku mbili baadaye akiwa anaoga.

Kocha tumwiteje? Na mbona anapiga magoti akiongea na mtoto?

Mwiteni Kocha, na jina lake la kwanza likifuata. Mtoto hatakiwi kumwita jina tupu, na hapo mila zetu na za besiboli zinakutana vizuri.

Kupiga magoti ni kwa ajili ya kumtazama mtoto usoni. Hapa ndipo watoto wetu wanapoeleweka vibaya. Tumewafundisha kuinamisha macho mtu mzima anapozungumza, na kocha asiyejua anadhani mtoto hasikilizi au ana huzuni. Nilimweleza kocha wa binti yangu: akiangalia chini, anakuheshimu. Alishukuru sana, na akaanza kumwomba arudie maelekezo kwa maneno yake badala ya kudai macho. Na binti naye tulimwambia kwamba uwanjani kumtazama Kocha si utovu wa adabu. Anaweza kushika yote mawili. Nyumbani bado anamwamkia bibi yake kwa simu, shikamoo yake kamili.

Mazoezi ya nyumbani, na mimi sijawahi kushika glavu?

Ulishawahi kuangusha maembe kwa jiwe? Basi unajua kutupa: unasimama ubavu, bega la mkono usiotupa linaelekea kwenye embe, mguu wa mbele unapiga hatua, mkono unafuata. Mfundishe hivyo hivyo.

Kwa kudaka anzeni na soksi zilizoviringishwa, kisha mpira wa tenisi, bila glavu kwanza. Mvingirishie mipira chini, nyingi, hadi azoee kuinama mbele yake badala ya kuusimamisha kwa mguu kama soka. Robo saa inatosha. Acheni wakati bado anataka kuendelea.

Natakiwa kujitolea? Nafanya kazi zamu za usiku.

Ligi nyingi zinaomba kila familia saa chache. Si lazima uwe kocha: kuna kibanda cha vitafunio, kupiga chaki mistari, kufagia benchi. Anayekuwa na watoto mara kwa mara lazima afanyiwe ukaguzi wa historia yake kila mwaka, hata akiwa mchungaji au mwalimu. Usiuchukulie kama tuhuma. Ni ulinzi wa mtoto wako pia.

Zamu ya vitafunio itakufikia. Machungwa yaliyokatwa vipande hayajawahi kubaki. Kashata za karanga usilete, maana mzio wa karanga ni jambo la hatari hapa. Hata maandazi, uliza kwanza kama kuna mtoto asiyekula ngano, maziwa au mayai. Nililetea timu yetu maandazi baada ya kuuliza, na mpaka leo kuna mama mmoja wa Kimarekani ananiagiza sinia kwa sikukuu zake.

Baridi?

Aprili ya Ohio si ya mchezo. Blanketi, chupa ya chai, kiti cha kukunja, na nguo ya kubana chini ya jezi ya mtoto. Juni leteni kofia na dawa ya mbu.

Wanatualika kwenye timu ya kusafiri. Wanasema ana kipaji.

Huenda anacho. Lakini timu hizo zinagharimu fedha nyingi, zinakula wikendi zote na hoteli zake, na mtoto wa miaka saba au minane hapotezi chochote akingoja. Mwaka 2016 madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha AAP, walishauri mtoto asibobee katika mchezo mmoja kabla ya kubalehe, hadi miaka 15 au 16. Wa kwetu anacheza soka vuli na kuogelea wakati wa baridi. Tuliwashukuru waliotualika, tukasema bado.

Bibi yake anauliza huu ni mchezo gani. Nimjibu nini?

Mwambie unachezwa hata karibu na kwake. Dar es Salaam, Shule ya Sekondari ya Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Uganda ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda Williamsport, wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro za hati zao. Timu ya Kanada iliyopaswa kucheza nao ikafunga safari hadi Uganda, Januari 2012, ili mechi ile ichezwe. Agosti ya mwaka huo huo watoto wa Lugazi wakafika Williamsport, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakaifunga timu ya Oregon 3 kwa 2. Mwaka 2015 Waganda walirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika, nchi ambayo mtoto huzaliwa na glavu mkononi. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers ikawasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Mtumie bibi video ya mtoto akikimbia, fupi. Za watoto wengine usizirushe bila ruhusa ya wazazi wao.

Kabla hajaanza, tunaweza kumpeleka kuona wakubwa wakicheza?

Ndiyo, na ningefanya hivyo kwanza kabisa. Kwa walioko Columbus, timu ya Clippers inacheza Huntington Park, katikati ya jiji. Ni ngazi moja chini ya ligi kuu, tawi la Cleveland Guardians, kwa hiyo tiketi ni za bei ya kawaida na viti viko karibu na wachezaji. Kuna jioni maalum ambazo soseji kwenye mkate inauzwa senti kumi. Familia za Kiislamu ziulize kwanza ni nyama gani. Chagueni mechi ya mchana, kaeni upande wa besi ya kwanza, na mtoto aje na glavu yake, maana mipira inayotoka nje ya mstari huangukia huko, na anayeudaka anauchukua. Mkichoka awamu ya tano, ondokeni. Mtoto wa miaka sita hahitaji zote tisa.